Kupona si Kuondoka Kitandani

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka mingi niliitumia methali hii darasani kufundishia muundo wa sentensi. Tangu nilipougua Korona mwaka wa 2021, nimeielewa kwa mwili wangu.

Homa ilinitoka baada ya wiki mbili. Majirani wa hapa Umoja waliokuwa wakinijulia hali kwa simu wakamshukuru Mungu, nami nikahesabiwa miongoni mwa waliopona. Kumbe safari ndiyo kwanza yaanza. Ngazi za ghorofa nne nilizozoea kuzipanda na mtungi wa maji mkononi bila kutua, sasa nilizigawa mafungu matatu. Darasani hali ilikuwa nzito zaidi: mimi, ambaye riziki yangu ni maneno, nilisimama mbele ya wanafunzi nikalitafuta neno "kiambishi" nisilipate.

Hali hii si ya kubuni. Mnamo Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliifafanua kuwa dalili ambazo aghalabu huwapo miezi 3 tangu ugonjwa kuanza, hudumu angalau miezi 2, na haziwezi kuelezwa na maradhi mengine. Miongoni mwazo ni uchovu, kupungukiwa na pumzi na uzito wa fikira.

Mitaani kwetu dalili hizo zimekwisha kupewa jina: uvivu. Katika soko la Mutindwa nilimsikia mwuza mboga akitaniwa kwamba Korona imemfundisha kukaa. Alicheka pamoja nao, kisha akamlipa kijana ambebee gunia ambalo zamani alijitwika mwenyewe.

Wamakonde walituzidi busara. Maradhi ya virusi yaliyozuka kwao kusini mwa Tanganyika mwaka wa 1952 yalipewa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kukunjamana, kwa kuwa maumivu ya viungo humwacha mgonjwa ameinama, pengine kwa miezi mingi. Jina lenyewe lashuhudia mateso yake. Nasi Waswahili tunayo maneno mawili, kupata nafuu na kupona, ila tumeyatumia kana kwamba ni kitu kimoja.

Kosa hili la maneno lina gharama. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Jumla ni siku 14, kwa hali inayopimwa kwa miezi. Mwuza mboga wetu hana hata hizo.

Yamkini msomaji atauliza: je, wavivu halisi hawatajificha humo? Watakuwapo. Lakini hatufungi zahanati kwa sababu kuna wanaojisingizia homa. Mwajiri amrejeshe mtu kazini hatua kwa hatua. Jamaa wampunguzie mizigo bila kumsimanga. Naye mwenyewe asione haya kurudi kwa daktari, maana huenda lipo jambo jingine la kutibiwa.

Kiswahili humwambia mgonjwa, "Ugua pole." Aliyeondoka kitandani naye tumwambie, "Pona polepole," kisha tumpe nafasi ya kufanya hivyo.