Difu Inapolia, Uliza Kwanza Kabla ya Kufungua

Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, malori ya ndizi, nyanya na vitunguu hujaa kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi. Mengi yameshuka kwa njia za vumbi na mawe kutoka mitelemko ya Mlima Meru, ambako kelele za bodi na springi humeza kila sauti nyingine. Lakini yakishika lami laini ya njia nne kuelekea Sakina na spidi ikafika 60, mvumo wa nyuma hujitokeza wazi. Dereva humgeukia utingo na kusema: difu inalia.

Huenda ni kweli. Huenda pia difu inasingiziwa. Sauti ya nyuma ya lori inaweza kutoka kwenye matairi, beringi za magurudumu, propela au difu yenyewe. Mwenye gari akikubali difu ishushwe kwa kukisia, atalipa ufundi, oili na sili mpya, atakosa siku ya soko, na tairi lililolika upande litaendelea kuvuma kama jana. Baya zaidi, difu iliyokuwa nzima ikifungwa ovyo, nayo itaanza kulia.

Tuanze na mvumo wenyewe. Chukua lori ambalo difu yake ina gia kubwa, krauni, ya meno 37, inayozungushwa na pinioni ya meno 6, na lenye tairi ambalo mzunguko wake mmoja ni mita 3.3. Kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka mara tano hivi kwa sekunde, propela mara 31, na meno hukutana zaidi ya mara 180 katika sekunde hiyo moja. Yakikutana vizuri husikii kitu. Yakiwa yamelika au yamekaa vibaya, mikutano hiyo ndiyo mvumo, na ndiyo maana sauti hupanda kadiri spidi inavyopanda.

Kwa hiyo fundi mzoefu hashiki spana kwanza. Humwuliza dereva: inalia lini? Kisha wanatoka pamoja barabarani kusikiliza. Mvumo ukibadilika mnapotoka kwenye lami na kuingia changarawe, tazameni matairi, maana difu haijui gari linakanyaga nini. Ukiongezeka kwenye kona ya kushoto, shaka iende kwenye beringi za gurudumu la kulia, kwa sababu uzito wa gari umehamia huko. Ukisikika kwenye kona tu, zikaguliwe gia ndogo zilizo ndani ya difu, zile zinazoruhusu magurudumu ya pande mbili kupishana mizunguko. Na kama dereva anahisi mtetemo kwenye kiti kuliko anavyosikia sauti, krosi na senta beringi za propela zitangulie.

Difu yenyewe hujulikana kwa mguu wa dereva. Ikilia anapokanyaga mafuta na kunyamaza anapoachia, meno ya krauni na pinioni yashukiwe. Ikilia zaidi anapoachia, angalieni beringi za pinioni na nati yake, kwani pinioni iliyolegea husogea mbele na nyuma kila mzigo unapogeuka. Kujaribu kwa gia huru kunasaidia kuiondoa injini katika orodha, lakini kufanyike mahali tambarare pasipo na magari, kamwe si kwenye mteremko.

Gerejini, lori likishawekewa vizuizi na stendi imara, gurudumu huzungushwa kwa mkono huku kiganja kingine kikiwa juu ya springi. Beringi iliyochakaa hukwaruza, na kiganja huhisi. Halafu ifunguliwe bolti ya kumwagia oili. Ungaunga laini wa chuma kwenye sumaku yake ni wa kawaida. Vipande vyenye ncha si vya kawaida. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Hilo hutokea masika, ekseli yenye moto inapozama kwenye korongo lililojaa: hewa ya ndani hupoa na kujivuta, na kama tundu la kupumulia limezibwa na tope, maji hupenya kwenye sili.

Oili hapa haina mbadala wa kienyeji. Malori mengi hutumia meno ya aina ya haipoidi, yaliyoanza kuingia kwenye magari katikati ya miaka ya 1920 kutoka kampuni ya Gleason ya Rochester, Marekani. Pinioni hukaa chini ya kitovu cha krauni, hivyo meno husukumana huku yakiteleza kwa nguvu. Kwa kawaida yanahitaji oili nzito ya daraja la GL-5. Oili ya injini hailindi meno hayo.

Ikithibitika kuwa meno yamekwisha, krauni na pinioni hubadilishwa pamoja, maana zilisuguliwa kiwandani kama jozi. Anayenunua difu kamili ya mtumba ahesabu meno kabla ya kulipa. Uwiano ukitofautiana na wa zamani, spidomita itadanganya na nguvu ya kupanda mlima itabadilika. Wakati wa kufunga, kina cha pinioni hurekebishwa kwa shimu, beringi hubanwa kwa kipimo, na mwanya kati ya meno hupimwa kwa geji kulingana na kitabu cha gari. Mwisho meno hupakwa rangi na kuzungushwa. Alama ikitokea katikati ya jino, kazi imekaa. Ikiwa kwenye ncha au kwenye shina, mvumo utarudi hata kama kila kipuri ni kipya.

Mwenye lori anayesimama pale na kuomba aonyeshwe alama hiyo kabla difu haijarudishwa hamdharau fundi. Kubadilisha shimu difu ikiwa bado juu ya meza ni kazi ndogo. Kugundua kosa gari likiwa limeshafika Korogwe na mzigo wa nyanya ni hasara ya watu wengi.