Miguu Yenye Ganzi na Chupa ya Lotoko

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani Bigo, leo tunasema juu ya mishipa ya fahamu. Kazi yao ni kama ya nyuzi za umeme: ubongo unaagiza, mguu unatii, na kidole kinarudisha habari kwamba kimekanyaga jiwe.

Wengine wanauliza kama pombe inaleta sklerosi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya ubongo na uti wa mgongo. Jambo hilo halijathibitishwa. Sklerosi ni haba katika nchi za ikweta kama yetu. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, baada ya kuchunguza habari za askari zaidi ya milioni 10, walionyesha kwamba virusi vya Epstein-Barr ndivyo vinavyotangulia. Sigara nayo inaongeza hatari.

Lakini usifurahi upesi, wewe wa lotoko! Pombe ina njia yake ya kuua mishipa. Yenyewe ni sumu kwao. Tena mishipa inahitaji vitamini B1, na akiba yake mwilini haizidi majuma machache. Mlevi anakula kidogo, na hata hicho kidogo, pombe inazuia matumbo kuchukua vitamini yake. Fufu ya muhogo inashibisha, lakini B1 utaipata zaidi katika maharagi na karanga.

Ugonjwa unaanza miguu yote miwili. Nyayo zinachoma usiku, halafu ganzi inapanda. Msumari unapita ndani ya bote, mtu hajui mpaka aone damu. Mchana anatembea vizuri kwa sababu macho yanasaidia miguu. Taa ikizimika shimoni, msaada huo umekwisha, naye yuko juu ya ngazi. Kapita atasema amelewa, kumbe hajaonja kitu tangu jana.

Mama, mjaribu nyumbani. Asimame, miguu pamoja, afumbe macho. Wewe kaa karibu umshike. Akiyumba sana, asishuke shimoni. Aje dispanseri kwanza. Si lazima iwe pombe: ugonjwa wa sukari unaleta ganzi, hata dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi. Anayeimeza asiiache, aje tumpe vitamini B6.

Kwa mnywaji tunampa B1, naye anaacha chupa. Mishipa inapona polepole, kwa miezi, na mara nyingine si yote, kwa hiyo anayekuja mapema anapata zaidi. Aliyezoea kunywa kila siku asikate kwa ghafla peke yake, maana anaweza kutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Na mkiona macho yake yanacheza, anayumba, maneno yake yamechanganyika, mpelekeni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.