Wataalamu wa afya hutiririka kama maji ya mlimani

Saa moja asubuhi, kabla mawingu hayajakifunika kilele cha Kibo, daladala ziendazo hospitali ya KCMC hujaa haraka mjini Moshi. Abiria wengi ni vijana, koti jeupe limekunjwa kwapani, daftari mkononi. Mgeni akiwatazama atadhani mkoa huu hauijui shida ya wahudumu wa afya. Juu kuna KCMC, katikati ya mji kuna Mawenzi. Ukipanda migombani utazikuta hospitali za Machame, Kibosho na Kilema, Rombo kuna Huruma, na Siha kuna Kibong'oto, iliyoanza kutibu kifua kikuu mwaka 1926.

Mwenyeji wa mlimani hadanganyiki upesi hivyo. Anajua Kilimanjaro ina maji mengi, na anajua pia kwamba maji yana tabia yake. Yakiachwa yatashuka moja kwa moja korongoni, huku kihamba, yaani shamba la migomba, kilicho juu ya kingo, hatua chache tu kutoka hapo, kikikauka. Ndiyo maana Wachagga, tangu enzi za mababu, walichimba mifereji waiitayo mifongo. Mfongo huyachukua maji juu kabisa karibu na msitu, ukayazungusha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, hadi yafike mahali ambapo yenyewe yasingefika kamwe.

Wataalamu wa afya nao ni vivyo hivyo. Wakiachwa, hutiririkia mjini. Kazi ya kila kamati iliyowahi kuishauri nchi hii kuhusu watumishi wa afya imekuwa moja: kuchora mfereji.

Kamati iliyochora wa kwanza baada ya uhuru ilikuwa ya watu watano, wote Waingereza. Mwenyekiti alikuwa Richard Titmuss, profesa wa London School of Economics ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Pamoja naye alikuwa Brian Abel-Smith, mchumi aliyekwisha kuchunguza gharama za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza. George Macdonald alikuwa bingwa wa malaria, mtu aliyeeleza kwa hesabu jinsi mbu anavyoueneza ugonjwa huo. Arthur Williams alikuwa profesa wa tiba Makerere. Wa tano, Christopher Wood, baadaye alishughulikia mafunzo ya watumishi wa afya katika shirika la AMREF. Ripoti yao juu ya huduma za afya za Tanganyika ilichapishwa mwaka 1964.

Hesabu waliyoikuta ilikuwa ya kutisha. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba nchi yenye watu kama milioni 9 ilipata uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1963, na daktari huiva kwa miaka mingi. Hata kama kila mhitimu angekubali kupelekwa kijijini, vijiji vingesubiri kizazi kizima.

Kwa hiyo kamati ilisema jambo ambalo wanasiasa wengi hawakupenda kulisikia: punguzeni kasi ya kuongeza vitanda vya hospitali. Pelekeni nguvu kwenye vituo vya afya vijijini, kwenye kinga, na kwenye mafunzo ya wahudumu wa kati wanaoweza kuandaliwa kwa muda mfupi na gharama ndogo. Hospitali za misheni nazo ziingizwe katika mpango mmoja na za serikali.

Mlima huu ulikwisha kuona jibu jingine. Mwaka 1957, madaktari wa upasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walibuni huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro wazo la madaktari wanaoruka kwa ndege kuwafuata wagonjwa. Ndilo lililozaa AMREF. Lilikuwa wazo la kishujaa, na liliokoa wengi. Lakini ndege ni ndoo: huleta maji leo, kesho lazima uisubiri tena. AMREF yenyewe iliutambua ukweli huo, ikaongeza kazi ya kufundisha.

Mfereji haukuchimbwa siku ileile. Hospitali huonekana na hukatiwa utepe; tabibu msaidizi wa zahanati haonekani. Ni baada ya Azimio la Arusha la 1967, na hasa baada ya chama tawala, TANU, kuiweka afya ya vijijini mbele mwaka 1971, ndipo mchanga ulipoanza kutoka. Lengo likawa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo cha afya kimoja kwa watu 50,000. Vijana wa darasa la saba walifundishwa kuwa waganga wasaidizi wa vijijini. Waliofika kidato cha nne walisomea uganga msaidizi, na wenye uzoefu kati yao waliweza kurudi shule wakawa madaktari wasaidizi, ambao kwa miaka mingi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya. Mwaka 1973 redio zikanguruma na kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kujadili vyoo, maji na malaria.

Hapo Moshi inaingia kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mwezi Machi 1971, mwaka uleule nchi ilipogeukia zahanati, makanisa yalifungua KCMC, jengo kubwa kabisa la aina ileile ambayo kamati ya Titmuss ilikuwa imeionea shaka. Ungetegemea ligeuke kuwa korongo linalomeza maji yote. Lakini pembeni ya wodi zake zilikua shule za kada za kati. Mwaka 1981 kilianza chuo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia walemavu. Mwaka 1992 kikafunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho huwachukua matabibu na wauguzi wa nchi mbalimbali za Afrika, kisha huwarudisha kwao. Chuo cha madaktari kilikuja baadaye, mwaka 1997. Hospitali iliyoonekana kupingana na ripoti ya 1964 ikawa mmoja wa watekelezaji wake wazuri.

Mfereji usiposafishwa huzibwa na majani. Katika miaka ya 1990, serikali ilipobanwa na masharti ya kurekebisha uchumi, ajira za afya zilisimamishwa. Waliostaafu hawakupata warithi, na vyuo vilivyofundisha vilifundisha watu wasioitwa kazini. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi, yaani zisizofikia madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Tanzania ilikuwamo. Mwaka uliofuata ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), ulioahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zilipanda haraka. Watu wa kukaa ndani yake hawakupanda kwa kasi hiyo. Na hadi leo tumezoea maajabu haya: mkunga mmoja anapokea wazazi usiku na mchana peke yake, huku kijana mwenye stashahada ya uuguzi anauza vocha stendi akisubiri tangazo la ajira.

Watano wale waliona mbali, na ramani yao bado inasomeka. Dosari yao ni ya kamati nyingi zilizowafuata, hata zenye majina ya kwetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mezani pao hakukuwa na mhudumu anayelala nyumba ya zahanati: anayejua kwamba muuguzi huhama kwa kukosa nyumba, umeme na shule ya mwanawe kabla hajahama kwa ajili ya mshahara, na kwamba taarifa za mwezi humlia nusu ya siku ambayo angeshika mgonjwa.

Mfongo una kamati pia. Huongozwa na mzee anayelijua kila tundu la ukingo wake, na wajumbe wake ni wale wenye vihamba vinavyonyweshwa nao. Siku ya kuuzibua, kila kaya hutoa mtu na jembe. Asiyekuja hutozwa, na anayekaidi hukatiwa zamu ya maji. Hakuna anayehitaji mgeni amwambie sehemu inayovuja, kwa sababu kihamba kinachokauka ni chake mwenyewe.

Siku wizara itakapounda tena kamati ya kuishauri kuhusu watumishi wa afya, maprofesa wawemo, na wachumi wawemo. Lakini kiti kimoja apewe mkunga wa zahanati ya Uru au Tarakea, na siku ya kikao atumwe mtu wa kumshikia zamu. Akikosekana wa kumshikia, kikao kitakuwa kimekwisha kupata ajenda yake ya kwanza.