Matumizi Salama ya Dawa za Kufubaza VVU

Dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI (ARV) hutolewa bila malipo katika vituo vya umma vya tiba na matunzo (CTC). Watu wazima wengi hutumia kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu: tenofovia miligramu 300, lamivudini miligramu 300 na dolutegravia miligramu 50.

Saa ileile kila siku
Dawa hizi haziviondoi virusi mwilini, bali huvizuia visizaliane. Dozi zikirukwa mara kwa mara, virusi huongezeka na huweza kujenga usugu. Kidonge humezwa pamoja na chakula au bila chakula. Anayekosa usingizi hushauriwa kukimeza asubuhi. Aliyesahau akimeze mara akumbukapo, isipokuwa zimesalia chini ya saa nne kufikia dozi inayofuata. Asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia.

Dawa zinazopingana
Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hunasa dolutegravia tumboni isifike katika damu. ARV imezwe saa mbili kabla ya dawa hizo, au saa sita baada yake. Vidonge vya kuongeza damu apewavyo mama mjamzito vyaweza kumezwa pamoja na ARV wakati wa chakula. Tumbo likiwa tupu, mpangilio ni huohuo wa saa mbili na sita. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini huhitaji dolutegravia ya ziada, na atumiaye metformini kwa kisukari huenda akapunguziwa dozi. Kwa hiyo mhudumu aelezwe dawa zote, zikiwemo za asili.

Safarini
Mrina asali anayekaa misituni kwa majuma, au msafiri wa reli aendaye Kigoma au Mwanza, achukue dawa za kutosha na akiba ya siku kadhaa. Zibaki katika kopo lake, mbali na jua na unyevu, wala asigawane na mtu.

Kujisikia vizuri si kupona
Anayeacha dawa kwa kuwa amepata nafuu hurudisha virusi; mwenye homa ya ini B huweza kudhurika ini vibaya. Macho yakiwa ya manjano, au upele ukiambatana na homa au uvimbe wa uso, awahi kituoni siku hiyohiyo. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Anayeendelea na dawa, na virusi vyake visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.