Nani Kashika Penseli?

Msomaji wetu mmoja anayeishi Marekani ameuliza swali linalostahili ukurasa mzima. Alitafuta saluni ya kusuka kwenye Google, akakuta kitufe cha kuweka miadi palepale chini ya jina la saluni, akachagua Jumamosi saa nne asubuhi. Kuthibitisha tu, akaambiwa nafasi imeshachukuliwa. Sasa kwa nini walimwonyesha?

Alichokuwa akikitazama dada yetu ni nakala. Google haitunzi daftari la saluni. Ratiba hukaa kwenye mfumo wa kampuni ya miadi ambayo saluni imejiunga nayo, na kampuni hiyo huitumia Google mafaili ya nafasi zilizo wazi, moja baada ya jingine. Katikati ya faili moja na lijalo, mteja mwingine amepiga simu, mwingine ameingia mlangoni. Mtu anapofikia kuthibitisha ndipo mfumo wenyewe unapoulizwa.

Hilo ni jepesi. Utamu uko ndani ya mfumo, pale watu wawili wanapobonyeza kwa pamoja. Kompyuta ina kazi mbili: kuangalia kama saa nne iko wazi, kisha kuandika jina. Kati ya kazi hizo kuna ufa mwembamba mno. Wa kwanza anaangalia, pako wazi. Kabla hajaandika, wa pili naye anaangalia, pako wazi. Wote wanaandika. Jumamosi inafika na vichwa viwili, kiti kimoja.

Ili kuuziba ufa huo, chukua mfano wa daftari la miadi lililo mezani, lenye penseli moja iliyofungwa kwa uzi. Sheria ni kwamba haruhusiwi mtu hata kulisoma mpaka ashike penseli. Hapo ndipo penye ujanja wote, kwa sababu anayesoma kwanza na kutafuta penseli baadaye ameurudisha ufa uleule. Ukiishika unasoma, unaandika, unaiachia, na anayefuata anakuta jina lako. Je, aliyeishika akizimia, jina likiwa nusu? Mfumo humnyang'anya penseli na kufuta alichoanza, ukurasa ukawa kana kwamba hakufika kabisa. Lakini penseli moja kwa daftari zima italeta foleni hadi barabarani, kwa hiyo mifumo mizuri hufunga penseli kwenye kila mstari, wa saa nne asimcheleweshe wa saa nane. Ndipo linapozuka tatizo ninalolipenda kuliko yote. Mama anataka saa nne yake na saa tano ya binti yake. Mwenzake anataka saa hizohizo mbili. Mmoja kashika penseli ya saa nne anasubiri ya saa tano, mwingine kashika ya saa tano anasubiri ya saa nne. Watasubiriana mpaka kiama! Dawa yake ni fupi ajabu: kila mtu azishike penseli kuanzia mstari wa juu kushuka chini. Wote wataanza na saa nne, mmoja ataipata, na mwingine atangoja akiwa mikono mitupu, bila kumzuia yeyote.

Kanuni ya penseli ni kupita mmoja kwa zamu, na Mholanzi Edsger Dijkstra, mtaalamu wa kompyuta, alichapisha suluhisho la tatizo hilo mwaka 1965. Kwa Kiswahili kanuni hiyo ningeiita kupishana. Neno kuzuiana halitoshi, maana hapa kila mmoja anampisha mwenzake kisha naye anapita.

Haja yenyewe ni ya zamani kuliko saluni za mtandaoni. American Airlines, iliyokuwa ikifuatilia viti vya ndege kwa kadi na mikono ya watu, ilijenga na IBM mfumo wa SABRE uliokamilika mwaka 1964. Kiti cha dirishani na kiti cha kusukia vina hesabu moja.

Limebaki jambo moja. Tuseme jina limeandikwa, kisha mtandao ukakatika kabla jibu halijaifikia Google. Google haijui kama miadi imeshika, kwa hiyo inatuma ombi tena. Mbona saluni haipati miadi miwili? Kwa sababu kila ombi hubeba alama yake ya pekee, na ombi likirudiwa hurudi na alama ileile. Mfumo ukiiona kwa mara ya pili, hauandiki kitu; unarudisha jibu la miadi iliyokwisha kuandikwa.