Mgombea Wako Akianguka Kwenye Mchujo: Kura ya Novemba Iende Wapi? (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza namna vyama vikuu vya Marekani vinavyowapata wagombea wao wa urais: kura za mchujo zinazopigwa jimbo kwa jimbo, wajumbe wanaopatikana kutokana na kura hizo, na mkutano mkuu unaomthibitisha mshindi. Leo tumtazame mpigakura wa upande ulioshindwa, hasa yule wa mrengo wa kushoto wa chama cha Democratic. Huyu anataka bima ya afya kwa kila mtu, vyuo vya umma visivyotoza ada na kodi nzito kwa matajiri, na mara nyingi mwezi Novemba humkuta ameshikilia karatasi yenye jina la mtu ambaye hakumtaka.

Mwaka 2016 seneta wa Vermont, Bernie Sanders, alipata kura zaidi ya milioni 13 za mchujo na kushinda majimbo 22. Hillary Clinton alipata karibu milioni 17. Tarehe 12 Julai Sanders alitangaza kumuunga mkono Clinton. Siku kumi baadaye WikiLeaks ikaanika barua pepe za makao makuu ya chama, zikionyesha maofisa ambao hawakupaswa kupendelea upande wowote wakimbeza Sanders, na mwenyekiti wa chama akalazimika kujiuzulu. Mkutano mkuu ulipoanza Philadelphia, Sanders aliwaomba wajumbe wake wampe Clinton kura zao. Walimzomea. Hasira ile ilikuwa na sababu, na waliowaita wazomeaji wale watoto waliodeka hawakuwatendea haki.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka 2015, jina la Edward Lowassa lilipokatwa Dodoma katika mchujo wa urais wa chama tawala. Yeye alihamia chama cha upinzani cha Chadema, na waliompenda wakawa na mahali pa kumfuata. Alipata kura zaidi ya milioni 6. Sanders alibaki ndani. Wafuasi wake waliachiwa uamuzi wao wenyewe: wampigie Clinton, wampigie Jill Stein wa chama cha Green, wakae nyumbani, au wavuke kwenda kwa Donald Trump.

Uamuzi huo hauwezi kupimwa bila kujua kanuni. Marekani haina duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Katika majimbo 48 na jiji la Washington, anayeongoza hata kwa kura moja huchukua wajumbe wote wa jimbo wanaomchagua rais. Maine na Nebraska pekee ndizo zinazogawa. Kwa hiyo mtu wa Vermont, ambako Democratic hushinda kwa tofauti kubwa, angeweza kuliandika jina la Sanders kwa mkono, na maelfu walifanya hivyo, pasipo kubadili lolote kuhusu anayeingia Ikulu. Mtu wa Wisconsin hakuwa na nafasi hiyo. Huko Trump alishinda kwa kura 22,748, na Stein alipata zaidi ya 31,000. Michigan tofauti ilikuwa 10,704, na Stein alipata zaidi ya 51,000. Pennsylvania tofauti ilizidi kidogo 44,000, na Stein alipata karibu 50,000.

Tusikimbilie kumtwika Stein lawama zote. Wengi wa wapigakura wake pengine wasingekwenda kituoni kabisa kama asingekuwapo. Uchunguzi wa kitaaluma uliofanywa baada ya uchaguzi ulikadiria kwamba takriban watu 12 katika kila 100 waliompigia Sanders kwenye mchujo walimpigia Trump, na wengi wao hawakuwa Wademokrati wa dhati tangu awali. Clinton mwenyewe, aliyeshindwa na Sanders kwenye mchujo wa Wisconsin na wa Michigan, hakukanyaga Wisconsin hata mara moja katika kampeni ya mwisho. Mgombea asiyekwenda kuziomba kura hana haki ya kushangaa zinapokosekana.

Hata hivyo, naamini mpigakura wa Wisconsin aliyebaki nyumbani kwa hasira alikosea. Kura isiyopigwa haina maelezo: viongozi wa chama hawawezi kuitofautisha na ya mgonjwa wala ya mtu asiyejali siasa. Na adhabu iliwaangukia wengine. Trump aliteua majaji watatu wa Mahakama ya Juu, wanaokaa humo maisha yao yote, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba iliyodumu tangu 1973. Mwanamke maskini wa Texas hakuwa amemkosea Sanders kitu.

Jambo ambalo magazeti hulipa nafasi ndogo ni yale ambayo walioshindwa wameyafanya baada ya uchaguzi, kwenye kanuni za chama. Mwaka 1968 Hubert Humphrey alipewa tiketi Chicago bila kushindana katika mchujo hata mmoja, huku wapinzani wa vita vya Vietnam wakipigwa na polisi barabarani. Walioshindwa walidai tume, na tume ile, iliyoanza chini ya George McGovern, ndiyo iliyowaondolea vigogo uamuzi na kuufanya mchujo tunaoujua leo. Mwaka 1988 Jesse Jackson alishindwa, lakini alisukuma mpaka chama kikakubali kugawa wajumbe kwa uwiano wa kura. Miaka 20 baadaye uwiano huo ulimwezesha Barack Obama kuvuna wajumbe hata katika majimbo aliyoshindwa na Clinton. Kambi ya Sanders nayo ilipata mageuzi ya 2018: vigogo wanaoingia mkutanoni kwa vyeo vyao hawapigi tena kura katika duru ya kwanza, isipokuwa mshindi ameshajulikana.

Mwaka 2020 Sanders alijiondoa kwenye mchujo mapema Aprili, na kambi yake na ya mshindi, Joe Biden, zikaketi katika kamati sita za pamoja kuandika sera. Mapatano hayo yalikuwa na mipaka. Machi 2021 pendekezo la Sanders la kima cha chini cha dola 15 kwa saa liliangushwa katika Seneti, na maseneta wanane wa upande wake walikuwa miongoni mwa waliolipinga.

Zipo kanuni zinazompunguzia mpigakura mateso haya. Katika mchujo wa umeya wa jiji la New York mtu huorodhesha wagombea kwa kufuata anavyowapenda. Wa kwanza akitolewa, kura humwendea anayefuata. Juni 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, na mshindani wake Brad Lander kila mmoja aliwaomba wafuasi wake wamweke mwenzake nafasi ya pili, na Mamdani akashinda. Jimbo la Maine limetumia utaratibu huo kumchagua rais tangu 2020.

Wiki ijayo tutakwenda Michigan, Februari 2024, ambako zaidi ya watu 100,000 katika mchujo wa Democratic walikataa kumchagua yeyote, wengi wao wakipinga msimamo wa Biden kuhusu vita vya Gaza.