Kivu: Birayi vya kukwaruza vinavyokauka vizuri, siri ni kukamua maji

Asubuhi, katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu ao Butembo, chai inakunywewa pamoja na kile kilichobaki jana jioni ao kile kinachopatikana haraka. Mara nyingi ni birayi. Mama anavikata, anavitia kwenye karayi, anaongeza mafuta. Nusu saa inapita, na kinachotoka kimelegea, kimeshikamana chini na kimejaa mafuta. Watoto watakula, lakini mafuta na makala vimekwenda bure. Na siku hizi, hakuna nyumba inayoweza kuchezea mafuta na makala.

Kuna njia nyingine ya kuvitayarisha: kukwaruza birayi, kuvikamua, kisha kuvikaanga kama chapati nene mpaka pande zote mbili zikauke na kuwa na rangi ya dhahabu. Wamarekani wanakula chakula hicho asubuhi pamoja na mayai, wanakiita hash browns. Waswisi wana ndugu yake anayeitwa rösti, ambayo zamani ilikuwa chakula cha asubuhi cha wakulima wa jimbo la Bern. Imejulikana sana kule mpaka Waswisi wenyewe, kwa mzaha, wanaita mpaka kati ya wanaosema Kijerumani na wanaosema Kifaransa Röstigraben, maana yake handaki la rösti.

Kwa wakaaji wa Kivu, hakuna kitu cha kuagiza kutoka mbali. Birayi vinalimwa kwenye milima ya Masisi, Rutshuru na Lubero. Kinachokosekana ni kujua tu kwa nini vinalegea.

Maji ndiyo adui

Kirayi kinaonekana kigumu, lakini karibu sehemu 80 kwa 100 ya uzito wake ni maji. Na maji, hata moto uwe mkali namna gani, hayapiti joto la kuchemka. Pembeni ya bahari ni nyuzi 100. Katika mji wa Goma, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1 500, maji yanachemka karibu nyuzi 95.

Lakini ganda kavu lenye rangi ya dhahabu linaanza kutokea wakati joto limepita nyuzi 140 hivi. Maana yake ni hii: muda wote ambao maji yamejaa ndani ya karayi, birayi havikaangwi, vinapikwa kwa mvuke tu. Kila anayekaanga sambaza wa ziwa Kivu anajua jambo hilo. Samaki aliyetiwa na maji yake anarusha mafuta na analegea. Yule aliyekaushwa kwanza anavunjika vizuri mdomoni.

Tatizo la pili ni wanga, ule unga mweupe unaobaki chini ya beseni. Ukiwa mwingi, unageuka gundi: birayi vinashikamana kama ugali na karayi inashika chini.

Kuchagua sokoni

Si birayi vyote vinafaa. Vile vyenye unga mwingi na maji kidogo ndivyo vinakauka vizuri. Aina inayoitwa Kinigi, yenye jina la eneo lililo chini ya volkano upande wa Rwanda, inapendwa na wakaangaji kwa sababu hiyo.

Asiyejua aina anaweza kupima nyumbani. Changanya kijiko kimoja kikubwa cha chumvi na vijiko 11 vya maji ndani ya glasi, kisha tia kipande cha kirayi. Kikizama, kina unga mwingi, kinafaa kukaangwa. Kikielea, kina maji mengi, afadhali kiende kwenye mchuzi.

Birayi vidogo ao vilivyochubuka, vile ambavyo wauzaji wanatenga pembeni kwa bei ya chini, vinafaa pia, kwa kuwa vyote vitakwaruzwa. Lakini vile vilivyogeuka kijani visinunuliwe. Kirayi kilichokaa kwenye jua kinatengeneza sumu inayoitwa solanini, na kukaanga hakuiondoi. Sehemu ndogo ya kijani inaweza kukatwa kwa kina. Kikiwa kijani sana ao kichungu, kitupwe. Nyumbani, birayi viwekwe mahali pa giza penye hewa, si juani na si ndani ya frigo: baridi kali inageuza wanga kuwa sukari, na birayi vyenye sukari vinakuwa vyeusi kabla ya kuiva.

Hatua kwa hatua

Kwa watu wanne, inatosha kilo moja ya birayi, kijiko kidogo kimoja cha chumvi, vijiko vikubwa vinne vya mafuta na, kwa anayependa, nusu ya kitunguu.

Kwanza, menya na ukwaruze birayi. Asiye na kikwaruzo anaweza kutoboa kopo safi kwa musumari na kutumia upande wenye meno. Kopo lisiwe na kutu.

Pili, tia birayi katika beseni la maji baridi, vikoroge kwa mkono na ubadilishe maji mpaka yabaki meupe kidogo tu. Maji ya kwanza yasimwagwe haraka: yaache yatulie, uyamwage polepole, na ule unga uliobaki chini urudishe kijiko kimoja. Kijiko kimoja kinashikilia chapati bila kuigeuza gundi.

Tatu, tia chumvi, ngoja dakika tano, kisha funga birayi ndani ya kitambaa safi na ukamue kwa nguvu zote. Chumvi inavuta maji yaliyobaki. Kamua, pumzika, kamua tena. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Anayeharakisha hapa atalipa kwa makala.

Ine, pasha karayi, tia nusu ya mafuta, na ungoje mpaka uzi mmoja wa kirayi ukitupwa ndani unalia mara moja. Tandaza birayi, unene wa kidole kimoja, usikandamize sana. Moto uwe wa katikati. Ukizidi kwenye mbabula, funika sehemu ya makala kwa majivu.

Tano, usiguse kwa dakika sita ao saba. Usifunike karayi, maana mvuke utarudisha maji uliyoyakamua. Pembeni zikiwa za dhahabu, weka sahani juu, geuza, tia mafuta yaliyobaki, kisha rudisha upande wa pili kwa dakika tano. Tumia mafuta ya kawaida ao mawese, kila moja na ladha yake.

Rangi iwe ya dhahabu, si nyeusi. Mwaka wa 2002, watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba vyakula vyenye wanga vikikaangwa kwa joto kali vinatengeneza akrilamidi, kitu kinachohesabiwa kati ya vile vinavyoweza kuleta kansa. Kadiri birayi vinavyokuwa vyeusi, ndivyo akrilamidi inavyoongezeka.

Kwa wenye makala kidogo

Njia ya wakulima wa Bern inawafaa wenye haraka. Jioni, wakati chungu cha maharagi kimetolewa na makala bado ni mekundu, chemsha birayi pamoja na maganda, uvitoe vikiwa bado vigumu katikati. Viache vipoe usiku kucha. Asubuhi, menya, kwaruza na ukaange. Wanga uliopoa unakuwa mgumu, hivyo havishikamani, na hakuna haja ya kuosha wala kukamua. Kwa kuwa vimekaribia kuiva, karayi inakaa motoni muda mfupi zaidi.

Akina mama wanaouza chakula pembeni ya barabara wanaweza kupata faida hapa, hasa wakati njia za kutoka mashambani zimefungwa na bei ya birayi inapanda. Kilo moja iliyokamuliwa vizuri inatoa sahani nne, na inakunywa mafuta kidogo kuliko ile iliyolegea. Ila viuzwe vikiwa vya moto. Visirundikwe kimoja juu ya kingine, wala visifungwe ndani ya mfuko wa plastiki: mvuke utavilegeza ndani ya dakika chache.

Anayejaribu mara ya kwanza aanze na birayi viwili tu. Kama vimelegea, asilaumu moto wala karayi. Arudi kwenye kitambaa, akamue zaidi.